Folda Iliyoitwa Jalala

Jumatatu, 24 Novemba

Mama anasema mimi nikiwa na kalamu mkononi sigombani na watu, kwa hiyo naanza kuandika leo, kabla sijagombana na mtu. Nimefika Sekenke mchana, vumbi hadi kwenye kope. Kazi yangu mpya ni kutunza kompyuta za chama cha wachimbaji wadogo. Nilidhani ni kompyuta nyingi. Kumbe ni seva moja kongwe, imewekwa juu ya meza kwenye chumba kilichokuwa stoo ya pampu, na pembeni yake feni inayozunguka kwa kujilazimisha.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Abdulrazaki, ni mtu wa Singida mjini kama mimi. Duka la ukoo wao na duka la baba yangu yanatazamana. Nilipomwamkia hakuuliza nimesoma wapi. Aliuliza, "Baba yako bado anauza mafuta ya alizeti kwa bei ile ya kukomoana?" Kisha akanipa kazi ya kwanza. Mwaka jana radi ilipiga ofisi moja huko bondeni ikaunguza kila chenye waya, kwa hiyo mvua za radi zisinikute sijatoa nakala ya akiba ya vilivyomo kwenye seva. Bakapu, kama tunavyoiita mafundi.

"Vyote, Mzee?"

"Vyote vya maana."

Hapo ndipo penye kazi.

Nimepanga chumba kwa Mama Noel, mjane wa Kinyiramba, mkulima wa mtama na alizeti. Mwanawe Noel ni mchimbaji, anashuka kwenye maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo ya dhahabu huku. Chumba changu kina dirisha moja na jogoo mmoja anayeamini chumba ni chake.

Alhamisi, 27 Novemba

Joto. Wingu lilikuja, likatutazama, likaenda zake.

Jumanne, 2 Desemba

Diski niliyopewa ni ndogo kuliko seva. Ni sawa na kuhamisha nyumba nzima kwa baiskeli: lazima uchague. Nimezipitia folda zote. Leseni za wachimbaji, lazima iende. Mishahara, lazima, nisije nikapigwa mawe. Mauzo, lazima. Kuna folda ya sherehe, yenye video ya Mwenyekiti akikata utepe siku ya kuzindua ofisi. Mkasi ulikataa, akarudia, mpiga picha naye hakuzima. Halafu kuna folda ya kamera za chumba cha mizani ya dhahabu, na hiyo peke yake inameza zaidi ya nusu ya diski.

Nimekulia dukani. Baba hufundisha kwamba kisichouzika hakikai shelfu, kinapisha kinachouzika. Nilimwendea Mwenyekiti nikamwambia tuache kamera.

"Binti, kamera ndiyo inayolinda dhahabu."

"Basi ninunulie diski kubwa, Mzee."

"Diski si unayo? Unataka ya nini nyingine, ya kuvaa Idi?"

Bahili yule angeweza kuomba chenji msikitini. Nimerudi chumbani, nimeandika, hasira imepungua kidogo.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua! Mvua ya kwanza. Watu wote walitoka nje, hata Mwenyekiti na kofia yake ya vito iliyodariziwa. Mama Noel alishika jembe kabla paa halijaacha kudondosha maji. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumanne, 9 Desemba

Leo nimekutana na folda moja iliyofichwa ndani ya folda nyingine, inaitwa JALALA. Ni kubwa, inashindana na ile ya kamera. Nikaifungua. Ndani ni mafaili mamia kwa mamia, majina yake namba tupu, na hakuna hata moja lililokubali kufunguka. Nilijaribu hili, nikajaribu lile, kompyuta ikasema haijui hiki ni kitu gani. Mimi pia sikujua.

Nikamuuliza Mwenyekiti. Alikuwa anapima unga wa mawe wa mtu, hakuinua hata macho. "Hayo ni ya Kefa, mchoraji wetu wa zamani. Alistaafu, yuko Kiomboi. Yule mzee alikuwa anatupia tupia vitu kila mahali."

Basi. Mwenyewe kaliita jalala, mimi ni nani nimbishie? Nimelitoa kwenye orodha ya vitakavyobebwa. Tena nikikosa nafasi kwenye seva nitalifuta kabisa. Moyo mweupe. Hakuna kitu kinachonipa usingizi kama kupunguza taka.

Jumatano, 10 Desemba

Ngurumo mbali, upande wa Wembere. Niharakishe.

Jumapili, 14 Desemba

Niandike hili taratibu.

Mama Noel aliporudi kanisani alikuta Noel hajafunga mbuzi, nao wameingia kwenye miche ya alizeti. Akasimama uani, akapaza sauti, "Jalala! We Jalala!" Nikadhani anatukana. Noel akatoka nyuma ya nyumba, mwanaume mzima mwenye ndevu, akaitika, "Naam, mama," na akaenda kufukuza mbuzi.

Nilicheka hadi nikakohoa. Nikamwambia, "Mama Noel, mtoto wa kuzaa mwenyewe unamwita jalala?"

Yeye hakucheka. Alivuta kigoda akakaa, akaanza kupepeta mchele wa wageni, nao wageni hawakuwepo. "Mwanangu, kabla ya huyu nilizaa watatu. Wa kwanza nilimpa jina la babu yake. Wa pili jina la nabii. Wa tatu tukamwita Furaha. Wote nimewazika pale kwenye mkonge. Huyu alipokuja, mama mkwe akasema, safari hii hatutampa jina la kutamanisha. Akamchukua na vitambaa vyake, akamlaza juu ya jalala, pale tunapomwaga majivu. Mimi nikageuza uso. Jirani akapita, akainama, akamwokota, akasema, 'Nimeokota. Mwenye mtoto yuko wapi?' Mama mkwe akajibu, 'Hana mwenyewe. Mlee wewe.' Jirani ndiye akanirudishia baadaye, kama mtoto wa kuokota tu. Kifo kikipita kutafuta mtoto wa Yunisi, yaani mimi, kinakuta takataka, kinaenda zake. Noel ni jina la kanisani. Jalala ndilo lililomkuza."

Nikaona aibu ya kicheko changu, nikamwambia pole. Akaniambia nisijali, watu wa mjini huwa wanacheka kwanza.

Halafu kitu kikanichoma. Nikauliza, "Mama, mzee mmoja anaitwa Kefa, mchoraji wa chama, ni mtu wa wapi?"

"Kefa? Ni wa huku huku. Mnyiramba kabisa. Kwa nini?"

Kesho hakuna basi la kurudi siku hiyo hiyo. Keshokutwa naenda Kiomboi. Ya Rabi, ahsante kwamba sijalifuta.

Jumanne, 16 Desemba

Nimempata Mzee Kefa nyuma ya hospitali, kwenye nyumba yenye ua wa minyaa. Macho yake yana mtoto wa jicho, ananiona kama kivuli tu. Nikamwamkia shikamoo, nikasema mimi ni mwangalizi mpya wa seva ya chama.

"Marahaba. Jalala hajambo?"

Aliuliza vile vile mtu anavyomuulizia mjukuu. Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Miaka mingi Mzee Kefa alishuka kwenye kila duara la Sekenke na kamba ya kupimia na dira, akachora njia zote za chini: zinazochimbwa sasa, na zile za zamani za wachimbaji wa enzi ya mkoloni ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Michoro ya kwanza, ya karatasi, ililiwa na mchwa kabatini. Akachora upya, safari hii kwenye kompyuta ya mapajani. Ikaibwa stendi wakati amesinzia. Akaanza tena. Ya tatu akaiweka kwenye seva.

"Wawili walikufa, mjukuu wangu," alisema. "Huyu wa tatu ningempa jina gani? Ningemwita Ramani za Dhahabu, mwizi angemsomba siku ile ile. Nikamwita Jalala. Akae salama."

"Mzee, mwizi atapita bila kumgusa, kweli. Lakini na sisi mafundi tutapita! Mimi wiki iliyopita nilikuwa nimeshamtupa."

Akacheka hadi akatoa leso. "Nilimwambia Mwenyekiti wenu maana yake, nikamwambia na watakaokuja waambiwe. Ila ilikuwa siku ile ya kukata utepe. Hakuwa ananisikia."

Akanielekeza programu inayofungua yale mafaili, ni ya bure. Akaniambia jinsi ya kusoma: nyekundu ni njia inayopitika, bluu ni mahali maji yanapokaa, kijivu ni palipozibwa. Kwenye basi la kurudi nimejikuta natabasamu peke yangu. Abiria wa pembeni akasogea kidogo.

Ijumaa, 19 Desemba

Vita. Jalala likiingia, kamera haiingii. Diski haipanuki kwa maombi.

Nilimfungulia Mwenyekiti ramani kwenye kioo. Akaitazama kama anayetazama nyuzi za bibi yake. "Nzuri. Lakini maduara tunayajua kwa miguu, binti. Wezi hatuwajui."

"Mzee, mwizi akiiba leo, mtamtafuta kesho. Njia za chini zikipotea, nani atazipima tena? Mzee Kefa haoni."

Akavua kofia, akajikuna, akaivaa. Sikutegemea, lakini akasema, "Haya. Weka hilo jalala lako. Kamera iache. Ila mizani ikiibiwa nitakufuata wewe mpaka kwa Nasri baba yako." Nikageuka niondoke. Akaniita. "Na utepe?"

"Utepe pia hautaenea, Mzee."

Akavua kofia tena, na safari hii alijikuna muda mrefu kuliko alivyojikunia kamera.

Jumatatu, 22 Desemba

Imekwisha! Leseni, mishahara, mauzo, jalala. Nikafungua mafaili ya hapa na pale kwenye diski kuhakikisha kwamba yanafunguka, maana nakala isiyofunguka ni sanduku tupu lenye kufuli. Yamefunguka.

Diski haitakiwi kukaa chumba kimoja na seva. Mwenyekiti alisema ikae kwake, Mama Noel akasema nyumba ya Mwenyekiti inavuja. Mwishowe tumeifunga kwenye mifuko ya nailoni, tukaitia kwenye ndoo yenye mfuniko, tukaizika ndani ya kihenge cha mtama cha Mama Noel. Pakavu, pana majivu ya kuzuia wadudu, hapana waya hata mmoja. Usiku wa leo nalala.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi ya Mama Noel. Kamwita jirani Mwislamu aje achinje, ili na mimi nile. Aliyechinjwa ni yule jogoo wa chumbani kwangu. Nilisikitika, nikaongeza mchuzi.

Alhamisi, 8 Januari

Mvua. Mtama umefika kiunoni.

Jumanne, 13 Januari

Mvua. Mwenyekiti haruhusu seva izimwe hata kukiwa na ngurumo, eti kamera lazima zione. Nimeomba, nimebembeleza, nimenuna. Hakuna.

Alhamisi, 29 Januari

Radi imepiga nguzo ya umeme mbele ya ofisi, mchana kweupe, mvua hata haijaanza. Moshi mwembamba ukatoka nyuma ya seva kama mtu anayevuta sigara kwa siri. Feni ikasimama. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Mwenyekiti alishika kichwa. "Leseni! Mishahara! Binti, tumekwisha!"

Nikamwambia, "Mzee, kaa. Vyote viko kwenye mtama."

Alikaa. Kisha akacheka, tena kicheko cha kweli, mara ya kwanza nakisikia. Kaka yangu atatuma kompyuta nyingine kutoka mjini kwa basi. Kamera zimekwenda na maji, na utepe pia. Mwenyekiti jioni aliniuliza kama mpiga picha yule anaweza kuwa na nakala. Nikaona huruma, nikasema nitauliza.

Jumanne, 3 Februari

Mishahara imelipwa kwa wakati. Watu wananisalimia kwa jina. Diski imerudi kihengeni. Jalala sijalihamishia kwenye mashine mpya, nafasi ni ndogo. Litasubiri huko huko.

Jumatatu, 9 Februari

Mvua haikati. Kijito cha bondeni kimekuwa mto. Noel anasema chini maji yanadondoka mahali ambapo hayajawahi kudondoka. Mama yake kamwambia asishuke. Noel kasema ataacha kesho, kesho.

Alhamisi, 12 Februari

Mikono ina tope hadi kwenye viwiko, na karatasi hii inachafuka, lakini nikilala bila kuandika nitadhani nimeota.

Asubuhi Laurian, fundi wa pampu, alikuja ofisini anakimbia, kiatu kimoja. Kijito kimevunja kingo, maji yamemwagikia kwenye duara namba kumi na moja. Wanaume wanne wako chini. Mmoja ni Noel.

Tulipofika, pampu mbili zilikuwa zinanguruma na maji hayashuki. Yalikuwa yanapanda. Wanaume walikuwa wamesimama mdomoni mwa duara, wote wanasema, hakuna anayesikiliza. Mwenyekiti alisimama katikati yao, kanzu imelowa, akapiga kelele, "Nani anajua chini kukoje?"

Wakatazamana. Kisha akanitazama mimi, mimi nisiyewahi kushuka hata ngazi moja ya duara, akasema kwa sauti ndogo, "Jalala."

Sijawahi kukimbia vile tangu shule. Nilifika nyumbani nikaingiza kichwa na mkono kwenye kihenge, natafuta ndoo ndani ya mtama. Nikasikia nyuma yangu, "Mwanangu, unatafuta nini?" Mama Noel alikuwa ametoka shambani, jembe begani. Habari za duara hakuwa nazo.

Nikamwambia. Sikupata maneno mazuri, nilisema tu: "Maji yameingia duara la Noel. Ramani iko humu."

Hakulia. Alitupa jembe, akanisogeza, akatumbukiza mikono yote miwili mpaka mabegani, akaitoa ndoo kwa mkupuo mmoja, mtama ukamwagika uani na kuku wakaja. "Twende," alisema.

Niliweka kompyuta yangu ya mapajani juu ya pipa, chini ya turubai. Diski ikawaka. Kila faili lilionekana kuchukua mwaka kufunguka. Mwenyekiti alishika simu sikioni kwangu na Mzee Kefa yuko upande wa pili, Kiomboi.

"Kumi na moja," nikasema. "Naona nyekundu inashuka, halafu inagawanyika. Moja inaingia kwenye bluu."

"Hiyo iache. Nyingine?"

"Inapanda. Inapanda sana, Mzee, inaelekea kaskazini. Halafu mwisho kuna kijivu."

Nikasikia akivuta pumzi. "Hiyo ni njia ya wazee wa zamani. Kama vijana wana akili wamekimbilia huko juu, maji hayafiki. Ila kijivu ni mdomo uliozibwa kwa mawe. Soma namba iliyoandikwa pale." Nikasoma. "Nenda nyuma ya josho la ng'ombe. Kuna mkonge umepandwa kwa mviringo. Katikati ya mkonge, chimbeni."

Nadhani kijiji kizima kilikwenda josho. Kulikuwa na mkonge, kweli, wa mviringo, na kila mtu alikuwa ameupita maisha yake yote akidhani ni boma la zamani. Wakachimba kwa sururu, kwa majembe, kwa mikono. Mwenyekiti naye alichimba. Mimi nilichimba, kucha zimekwenda. Tukafika kwenye mawe yaliyopangwa. Laurian akapiga jiwe kwa nyundo, akasema tunyamaze.

Hakuna kitu. Mvua tu juu ya majani.

Mama Noel akapita katikati ya watu. Akapiga magoti kwenye tope, akaweka mdomo karibu na mawe. Hakuita jina la kanisani.

"Jalala! We Jalala!"

Na kutoka chini, mbali, kama mtu aliye chumba cha tatu, sauti ikaitika. "Naam, mama."

Sijui kilichofuata kwa mpangilio. Watu walipiga vigelegele, wengine walilia, nikajikuta nimemkumbatia Laurian ambaye simjui vizuri. Mawe yakaondolewa moja moja, taratibu, yasiwaangukie. Wakatoka wote wanne, wekundu kwa udongo, wanafumba macho kwa mwanga. Noel alikuwa wa mwisho. Mama yake akamshika uso, akamgeuza huku na huku, kisha akampiga kofi la mgongo na kumwambia mbuzi hawajafungwa.

Nikampigia Mzee Kefa. Nikasema, "Wote, Mzee. Wote wanne." Nikamsikia akipenga kamasi. Kisha akasema, "Haya, mrudishe mtoto kwenye mtama, asilowe."

Hapo ndipo nilipolia.

Ijumaa, 13 Februari

Nimelala mpaka adhuhuri.

Jumapili, 15 Februari

Ibada ya shukrani kanisani kwa akina Mama Noel. Nilikaa nyuma na mtandio wangu, na Mwenyekiti akaja akakaa pembeni yangu na kofia yake ya vito. Walipoimba alitikisa kichwa kwa mdundo. Nilimwita bahili katika karatasi hizi. Juzi alichimba mpaka kiganja kikachanika, na leo kafungwa kitambaa, hajamwambia mtu. Silifuti neno nililoandika, ila naliongezea hili.

Jumamosi, 21 Februari

Tumefunga. Mama Noel ananipikia uji wa futari bila kuombwa, na anauonja kabla yangu kuhakikisha sukari, kisha anajishika mdomo na kuniomba radhi.

Jumanne, 10 Machi

Mwenyekiti kanunua diski. Kubwa! Kailipia mwenyewe, kaileta ndani ya boksi lake kama anayeleta posa. "Sasa kila kitu kinaenea," alisema. "Kamera, utepe ukipatikana, kila kitu." Nikafurahi, nikamshukuru.

Halafu akaongeza kwamba wageni kutoka wilayani wanakuja kuiona ramani iliyookoa watu, na haifai waoneshwe kitu kinachoitwa jalala. Nibadilishe jina, niandike Ramani Kuu.

Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kibodi. Ni jina zuri, linaeleweka, hakuna fundi atakayelitupa. Kila nilichosomea kiliniambia nibadilishe. Nikasema nitafanya kesho, nikaenda kumuuliza Mama Noel.

Alikuwa anapukuchua karanga. "Mtoto amekua ndiyo mnamvua jina? Mwacheni." Akafikiri kidogo. "Ila wewe ulitaka kumtupa kwa sababu hukujua. Basi waambieni watu."

Jibu lilikuwa rahisi kiasi hicho. Jina nimeliacha. Ukutani juu ya mashine nimebandika karatasi kwa maandishi makubwa: JALALA HUBEBWA KWANZA. Mwenyekiti aliisoma, akaguna, akainyoosha ilipopinda.

Jumatano, 18 Machi

Mvua zinaaga. Alizeti zimeinamisha vichwa. Naenda Singida kula Idi na mama, na Mwenyekiti ananipa lifti kwa pikapu yake. Tutapitia Kiomboi kumchukua Mzee Kefa, anapelekwa mjini kufanyiwa upasuaji wa macho. Chama kinalipa. Aliyetoa hoja ni Mwenyekiti.

Kabla ya kuondoka ilibidi diski mpya iende kihengeni. Nimeijaza jana, nimeijaribu, inafunguka. Nikampa Mama Noel. Akaishika mikononi, akaipima uzito, akaniambia ya zamani iliingia bila utaratibu, kwa bahati tu, na hii tusiibahatishe. Akatembea nayo mpaka nyuma ya jiko, pale anapomwaga majivu. Akaiweka juu ya jalala na kifuko chake cha nailoni. Akageuza uso.

Noel akasimama kando. Mimi sikujua nifanye nini, mimi si jirani, mimi ni mpangaji. Nikamtazama Mwenyekiti aliyekuwa anasubiri na funguo za gari mkononi, kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito kichwani.

"Astaghfirullah," alisema. Akatazama majivu, akatazama viatu vyake. Halafu akapita katikati ya kuku, akainama, mzee mzima na kiuno chake kibovu, akaiokota.

"Nimeokota," alisema. "Mwenye mtoto yuko wapi?"

"Hana mwenyewe," Mama Noel akajibu bila kugeuka. "Mlee wewe."

Akaipangusa majivu kwa mkono wa kanzu nyeupe, akaenda mwenyewe kuizika kwenye mtama.